Bata bandia wa mota: anafaa kwa bata wa huku Lindi na Mtwara, au tunanunua mbwembwe?

Mtoto wa Ng'apa (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu. Niende moja kwa moja kwenye mada.

Nina shotigani ya halali na huwa nakata leseni ya ndege kwa utaratibu unaojulikana. Kanga, kwale, na bata pale wanapokuwa wameandikwa kwenye leseni. Sasa shemeji yangu yuko Marekani, anakuja likizo, kaniuliza aniletee nini. Nikamwambia viatu. Badala yake akanirushia video ya bata bandia wa betri. Kasimamishwa kwenye fimbo ya chuma katikati ya maji, mabawa yanazunguka mfululizo, na bata halisi wanamshukia kwa makundi kama wamealikwa harusini. Shemeji anasema huko aliko kifaa hicho ni cha kawaida kabisa.

Nimevutika, sikatai. Ila kabla mtu hajatoa hela yake nataka kusikia faida na hasara kutoka kwa wenye kujua. Maji ninayoyazoea ni Rutamba, mabwawa ya kuelekea Mbwemkuru, na mara mojamoja namfuata mjomba upande wa Kitere. Bata tulionao wengi ni wale wa uso mweupe wanaopiga miluzi. Wapo pia wale ambao dume lina kinundu juu ya mdomo, na bukini wachache. Huyu wa mota atawavuta hawa? Betri inadumu? Na serikali inasemaje?

Wa "ngoja nikae hapa" nanyi karibuni, mikeka ipo.

Mla Ming'oko

Nimewahi mkeka wa mbele. Begi la shemeji likijaa bata, vile viatu anipe mimi, navaa 42.

Msafiri wa Baridi

Mkuu, nimeishi Minnesota huko Marekani miaka kadhaa na jamaa niliofanya nao kazi walikuwa wawindaji wa bata wa kutupwa, kwa hiyo hiki kifaa nimekishika kwa mikono yangu.

Kinavyofanya kazi ni hivi. Kila bawa lina upande mweusi na upande mweupe. Mota inalizungusha kwa kasi, kwa hiyo aliye mbali haoni bawa, anaona mmweko: nyeupe, nyeusi, nyeupe, nyeusi. Bata akiwa juu kabisa anadhani ni mwenzake anapunguza mwendo ili atue. Mmweko unaonekana umbali ambao bata bandia wa kawaida anayeelea hawezi kuonekana hata kidogo. Hapo ndipo nguvu yake ilipo.

Vifaa hivi vilianza kushika kasi California mwishoni mwa miaka ya 1990, na leo ukienda dukani utakuta chapa ya Mojo na wenzake wa kila aina. Na si maneno ya wauzaji tu. Mwaka 2002 watafiti walivipima hukohuko Minnesota: wawindaji walewale, muda fulani mota imewashwa, muda fulani imezimwa. Ikiwa imewashwa, bata kichwa kijani (mallard) waliopigwa kwa saa walikuwa zaidi ya mara nne ya ikiwa imezimwa. Hiyo si tofauti ndogo.

Faida nyingine ni kwamba bata anakuja karibu na anakuja akiwa amejiachia. Ukimpiga mita 20 anaanguka amekufa. Ukimpiga mita 50 anaondoka na marisawa (zile chembe za risasi ya shotigani) mwilini, anakwenda kufia kwenye matete na wewe humpati. Kwa mwindaji mwenye utu hiyo ni hoja nzito.

Mimi ningekuwa wewe ningemwambia shemeji alete.

Mtoto wa Ng'apa

Asante sana mkuu. Mara nne! Viatu vimeanza kupoteza nafasi.

Kitere Juu

Polepole mwanangu, usikimbilie. Hiyo mara nne ni ya bata kichwa kijani, na bata kichwa kijani hatunaye. Hapa utamwona kwenye video tu.

Ngoja nieleze maana nimekaa na bata wa huku tangu nabeba mfuko wa marehemu baba. Bata kichwa kijani chini ya bawa ni mweupe. Akipigapiga mabawa ili atue, weupe unamulika. Waliotengeneza kile kifaa waliiga kitu ambacho bata wao anakifanya kweli. Sasa mtazame huyu wetu wa miluzi anaporuka juu ya kichwa chako. Bawa lake ni jeusi juu, jeusi chini. Bawani hana weupe hata chembe. Wa kinundu naye mwili ni mweupe lakini mabawa ni meusi pande zote. Kwa hiyo ukimuwekea bata wa uso mweupe kitu kinachomulika vyeupe, humwonyeshi mwenzake. Unamwonyesha kitu asichokijua. Huenda akaja kwa udadisi, huenda akapinda kona na kwenda zake.

Pekee ambao ningeweza kusema wana mmweko ni bukini, yule mwenye duara la kahawia machoni, maana bawa lake lina baka kubwa jeupe kwa juu. Na bata mkubwa mweusi mwenye mwiba kwenye bawa, naye ana weupe mbele ya bawa. Lakini hao wawili ni wajanja kuliko wewe na mimi. Hawashuki mahali wasipopakagua.

Jambo la pili ni saa. Huyu wa miluzi ni ndege wa usiku zaidi. Mchana kutwa amesimama kwenye tope na kundi lake, shingo juu, hana habari ya kula. Jua likishazama ndipo anaruka kwenda kula, na unasikia miluzi inapita angani humwoni. Mmweko unataka jua. Gizani mota itazunguka mpaka betri iishe na hakuna atakayeona. Na usiku hairuhusiwi kuwinda, kwa hiyo hata usianze kufikiria taa.

Msafiri wa Baridi

Mzee Kitere Juu, shikamoo. Hoja ya rangi ya bawa naikubali, sikuwa nimeiwaza. Lakini hata huko Marekani si bata wote waliokuja kwenye kile kifaa walikuwa kichwa kijani. Bata wa aina nyingine nao walikuwa wakikifuata. Nadhani ni mwendo unaowaita, rangi inafuata baadaye. Na mabawa yanaweza kupakwa rangi nyingine.

Kitere Juu

Marahaba. Ukiyapaka meusi pande zote mbili mmweko umekufa, umebaki na feni.

Mwendo naukubali. Bata bandia aliyetulia tuli kwenye maji yasiyo na upepo ni tangazo kwamba hapa pana mtu. Lakini mwendo hauhitaji betri. Nitarudi kwenye hilo, naitwa.

FundiMota

Niko Masasi, natengeneza redio, sola, na vitu vya mota. Kuna mteja aliwahi kuniletea picha ya kifaa kama hicho akitaka nimtengenezee cha kienyeji. Tulikata mabawa kwenye bati jepesi, mota tukachukua ya wiper ya gari, tukaunganisha na betri ya bodaboda ya volti 12.

Matokeo: mota ya wiper ina nguvu lakini ni ya polepole, imewekewa gia ili isukume fimbo kwenye kioo. Bawa lilikuwa linageuka geu, geu, hakuna mmweko wowote. Na ile gia ina mlio. Juu ya maji yaliyotulia mlio ule ulisikika mpaka ng'ambo. Kinachotakiwa ni mota ndogo ya kasi, nyepesi, isiyo na gia, na mabawa yaliyosawazishwa kwa uzito. Bawa moja likizidi gramu chache, kitu kizima kinatetemeka mpaka fimbo inalegea kwenye tope.

Hicho cha dukani kimesawazishwa, hapo hakuna ubishi. Udhaifu wake nauona kwenye maji na chumvi. Ukikitumia mdomo wa Lukuledi au popote maji ya bahari yanapofika, usipokisuuza kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyohiyo, viungio vya waya vitapata kutu ya kijani na mota itakwama. Betri zao za kisasa ni za lithiamu, zinachajika kwa sola ndogo. Lakini ikifa, ya umbo lilelile huku utaitafuta sana. Mwambie shemeji akikuletea alete na mota ya akiba, na ahakikishe betri anaibeba kwenye begi la mkononi. Ikiwa ya akiba haijafungwa ndani ya kifaa, haitakiwi kwenye begi linaloingia chini ya ndege.

Mla Ming'oko

Fundi umenikumbusha, kifaa kikikwama katikati ya maji nani anakifuata? Upande wetu wa Ruvuma mamba hawajui kama wewe ni mwenye leseni.

Mtoto wa Ng'apa

Hili nalo nilikuwa sijaliweka kwenye hesabu. Kwenye video jamaa anaingia majini na mabuti mpaka kifuani, anachomeka fimbo, anarudi anakunywa kahawa.

Kitere Juu

Huko kwao wana baridi, sisi tuna mamba. Mla Ming'oko kaongea kama anatania lakini hiyo kwangu ndiyo hasara ya kwanza kabla ya zote. Bata wa mota lazima achomekwe, lazima afuatwe, na kwa kawaida unamchomeka kabla jua halijatoka, mahali ambapo maji yanakufika magotini au zaidi. Saa hiyo mimi siingii majini hata kwa kulipwa. Viboko nao wanarudi kutoka malishoni wakati uleule na njia yao ni hiyohiyo uliyosimama. Ukiwa na mtumbwi na mtu wa kuangalia, sawa. Peke yako, hapana.

Bi Nachunyu

Kaka zangu, mnazungumza kuvuta bata, sisi wengine tunatafuta wa kuwafukuza. Nalima mpunga bondeni. Nikishamwaga mbegu kwenye kitalu, usiku bata wa miluzi wanashuka, wanakula na wanakanyaga. Asubuhi unakuta tope limekuwa mashimo matupu na mbegu zimefukiwa. Nimetundika kanda za kaseti za zamani, upepo ukipita zinavuma na kumetameta. Mchana zinasaidia kwa ndege wadogo. Usiku bata hawana habari nazo.

Swali langu: hicho chenu kinachomulika si ndicho kile kile? Mbona kwa ndege wangu kumetameta kunafukuza na kwenu kunaita?

Msafiri wa Baridi

Dada Bi Nachunyu, swali zuri. Nijuavyo, tofauti iko kwenye mpangilio. Kanda inametameta ovyo na kuvuma, ndege haelewi ni nini, anaogopa. Kifaa kinamulika kwa mpigo mmoja, kikiwa na umbo la bata chini yake, tena wamewekwa wenzake kadhaa wanaoelea pembeni. Lakini hata bata wa Marekani wanakizoea. Mwanzo wa msimu, hasa bata wachanga wa mwaka huo, wanakuja bila kuuliza. Kufika mwisho wa msimu, wale waliobaki wameshapigiwa risasi juu ya kila feni njiani kutoka Kanada, wanaona mmweko wanapanda juu zaidi. Jamaa zangu walikuwa na rimoti, bata wakikaribia wanazima.

Kitere Juu

Bi Nachunyu, kwa kitalu cha usiku hakuna dawa ya kumeta. Jaribu kuyatoa maji kwenye kitalu siku za mwanzo baada ya kumwaga, acha tope libaki na unyevu tu. Bata wa miluzi anapenda kula penye maji kidogo juu ya tope. Pakikauka juu anahamia kwingine. Nawe uwe na mtu wa kulinda, hilo halikwepeki.

Mkaguzi Mstaafu

Nimesoma kimya, sasa niseme la sheria maana mwenye uzi ameuliza na watu wamelipita.

Uwindaji wote wa ndege pori unaongozwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 na kanuni zake. Silaha ina sheria yake, ya mwaka 2015. Leseni yako inakuambia aina ya ndege, idadi, eneo na muda. Njia na zana nazo zina masharti. Kwa hiyo kabla shemeji hajalipia chochote, nenda ofisi ya wanyamapori ya wilaya au TAWA (mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori), eleza kifaa chenyewe, onyesha na picha, uliza kama unaweza kukitumia, na omba jibu la maandishi. Usiingie bwawani na mashine kisha ukaanza kubishana na askari wa doria kwamba hakuna aliyekukataza.

Na lipo jambo ambalo wawindaji wetu wengi hawalijui. Tanzania ni mwanachama wa mkataba wa AEWA, unaolinda ndege wa majini wanaohama kati ya Afrika, Ulaya na Asia. Ulikubaliwa The Hague mwaka 1995 na sisi tumo tangu 1999. Mpango kazi wake unazitaka nchi zipige marufuku au zidhibiti njia za kukamata ndege zinazoweza kuwamaliza kwa wingi, na kwenye mifano iliyotajwa vimo vinasa sauti na vifaa vingine vya kielektroniki, taa, na vioo vya kuwachanganya ndege macho. Sisemi bata wa mota ametajwa kwa jina. Nasema afisa akikuuliza, hiyo ndiyo roho ya jambo.

Hata hukohuko Marekani hawajaachia kila kitu. Bata hai kama chambo walipigwa marufuku tangu 1935. Sauti za kielektroniki za kuita bata haziruhusiwi. Na hicho cha mabawa ya kuzunguka, majimbo ya Washington na Oregon waliwahi kukikataza, California hawakiruhusu mpaka Novemba iishe, Arkansas walikizuia kuanzia 2005 kwa misimu kadhaa kisha wakakirudisha. Jimbo ambalo watu wake wanaishi kwa bata lilisita, na sisi tusite kidogo.

Mtoto wa Ng'apa

Mkaguzi, shikamoo na asante. Ofisi nitakwenda. Ila niulize kwa nia njema: kama idadi yangu imeandikwa kwenye leseni, na sizidishi, kuna ubaya gani nikiwapata kwa nusu saa badala ya asubuhi nzima?

Mkaguzi Mstaafu

Marahaba. Kwako wewe unayehesabu, hakuna. Tatizo ni kwamba kifaa hakibaki kwako. FundiMota kashatuambia yuko mteja aliyetaka cha kienyeji. Kikifanikiwa kimoja, kesho wako wanaotengeneza bila leseni, wenye magobori, na wao hawana idadi iliyoandikwa popote.

Kitere Juu

Nimerudi. Mwanangu, ngoja nikujibu na mimi kwa upande wa bwawani, maana hoja yangu kubwa sikuimaliza.

Fikiria mwaka wetu. Mvua zetu za kusini ni moja, zinaanza Novemba au Desemba, zinakatika Aprili au Mei. Kuanzia Julai mpaka Oktoba mabwawa madogo yamekauka yote, bata wamejazana kwenye maji machache yaliyobaki. Wakati huo huhitaji kumwita bata. Unahitaji kujua tu analala wapi na anapita wapi. Ukikaa njiani pake na umejificha vizuri kwenye matete, atapita. Mota ya nini?

Mvua zikinyesha, kila shimo la barabarani ni bwawa. Bata wametawanyika mbugani kote, huwaoni. Hapo ndipo mashine ya kuwaita kutoka mbali ingekuwa na maana. Lakini hapo ndipo wanapotaga na kulea. Kwa bata wa uso mweupe, dume na jike wote wawili wanalea, na kwa sura huwezi kuwatofautisha. Ukiua mmoja umeacha vifaranga na mzazi mmoja kwenye maji yenye mamba na kenge.

Kwa hiyo kifaa hiki huku kwetu kinasaidia wakati usiopaswa kuwinda, na wakati unaowinda hakikusaidii. Marekani ni tofauti. Bata wao wanasafiri kutoka kaskazini wakikimbia baridi, wanapita juu, maji yako kila mahali, na mwindaji anashindana na wenzake mia kuwavuta washuke kwake. Kule feni ina kazi.

Msafiri wa Baridi

Mzee, hapo umenishika pabaya. Nabaki na hoja moja tu, ya bata kuja karibu ili asijeruhiwe ovyo. Hiyo bado naiamini.

Kitere Juu

Na ni hoja ya kweli. Lakini asiyejeruhi ovyo ni yule anayejizuia kufyatua bata akiwa mbali. Hilo halina betri.

FundiMota

Mzee ulisema mwendo hauhitaji betri. Malizia basi, wengine tunataka kutengeneza.

Kitere Juu

Ni kamba tu. Chukua uzi wa nailoni wa wavuvi, wa kijani cha giza, usiwe mweupe. Mwisho wake mmoja funga nanga, jiwe zito linatosha, lakini kati ya nanga na uzi weka kipande cha tyubu ya baiskeli kama shubiri mbili. Kwenye uzi funga bata bandia watatu, wapishane hatua moja moja. Nanga unaitupa ukiwa ndani ya mtumbwi, au ukiwa ukingoni kama unaweza kuirusha. Mwisho wa pili unao wewe kwenye kificho. Ukivuta, bata wanasogea na kuinamisha vichwa. Ukiachia, mpira unawarudisha. Maji yanatoa mawimbi madogo yanayotembea mpaka kwa bata wengine bandia usiowafunga, nao wanachezacheza. Bata akiwa juu anaona maji yana uhai. Ukimaliza unavuta kila kitu nchi kavu, hujalowa hata kifundo cha mguu.

Bata wenyewe wachonge kwa mti mwepesi, msufi unafaa. Usiwape wachongaji wetu wa Kimakonde mpingo, mpingo unazama. Hata ndala kuukuu zilizogandishwa pamoja zinaelea vizuri. Rangi isiwe ya kung'aa. Bata anayeng'aa kama kabati la varnish anafukuza wenzake.

Na kwa hawa wa miluzi, siri ni kwamba wengi wao mchana hawaelei, wamesimama kwenye tope. Kata ubao mwembamba umbo la bata aliyesimama wima, shingo ndefu, uso mweupe, mwili wa hudhurungi na tumbo jeusi. Chomeka wanane au kumi ukingoni, wakaribiane sana, maana ndivyo wanavyosimama. Wakipita juu, piga mluzi wao kwa mdomo, ule wa sauti tatu, na wewe unyamaze. Wakijibu wanageuka.

Mtoto wa Ng'apa

Nimemwandikia shemeji: asilete wa mota. Nimemwomba bata bandia wa kuelea wasio na rangi, nitawapaka mwenyewe, na marisawa ya chuma badala ya yale ya madini ya risasi kama atapata kibali cha kusafiri nayo, maana nimesoma ya madini ya risasi kubaki kwenye tope na bata kuyameza wakidhani ni changarawe.

Mkaguzi Mstaafu

La marisawa mwambie aache kabisa. Risasi za aina yoyote haziingii nchini kwa begi la likizo. Nunua kwa muuzaji mwenye leseni hapahapa. Na wazo lako la kuacha madini ya risasi kwenye maji ni zuri, Marekani walishayakataza kwa uwindaji wa bata tangu 1991. Ila kabla hujapiga marisawa ya chuma, mwulize fundi wa bunduki kama mtutu wako unayamudu. Shotigani nyingi za zamani zenye mdomo mwembamba haziyawezi.

FundiMota

Mzee Kitere Juu, ule mpira wa tyubu usipokuwepo, kamba pekee haifai?

Kitere Juu

Inafaa nusu. Utavuta bata waje kwako, lakini hutakuwa na kitu cha kuwarudisha. Baada ya dakika chache wote wamejikusanya miguuni pako. Tyubu kuukuu haina bei, zungukia mafundi baiskeli.